Oili Imekuwa Nyeusi: Je, Dereva Ametuibia?

Mmezoea kutusoma tukizungumza juu ya uji wa lishe, chanjo, homa za watoto na afya ya mama mjamzito. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa maana tunaingia gereji.

Tafadhali usifunue ukurasa unaofuata ukisema hayo ni mambo ya akina baba. Siku hizi familia nyingi zina gari la kubebea mazao au basi dogo la biashara, na mara nyingi mama ndiye anayetoa fedha za oili, ndiye anayeletewa risiti, na ndiye anayeumia kichwa fedha zisipotosha. Tena jambo tunalotaka kulieleza lilitupata sisi wenyewe. Lilitupotezea fedha, likawapotezea watoto siku yao ya kliniki, na lilimvunjia heshima mtu ambaye hakuwa na kosa.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kinatunza gari moja la dizeli, pikapu kuukuu lenye turubai nyuma. Mara moja kila mwezi gari hilo hutupeleka vijijini, sisi wauguzi wa kujitolea pamoja na wenzetu wa zahanati, kupima watoto uzito na kutoa chanjo. Usiku wa shida, ndilo linalompeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Dereva wake ni mzee mmoja ambaye tangu ujana wake hajafanya kazi nyingine ila udereva. Jina lake hatulitaji, ingawa mwenyewe ameturuhusu kusimulia habari hii.

Jumatatu moja tulimpa mzee fedha za kununua oili na filta. Alikwenda, akarudi na risiti, akasema kazi imekwisha. Siku ya Alhamisi akaja kijana wa mwenzetu mmoja kutusaidia kupakia mizani na masanduku. Kijana huyo ana gari lake dogo la petroli, na hujiona kuwa mjuzi wa magari. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, kile ambacho mafundi hukiita dipstiki, akakifuta kwa karatasi nyeupe. Karatasi ikawa nyeusi kama tako la sufuria ya kuni.

"Mama," alisema, "hii ndiyo oili ya juzi? Ya kwangu ina miezi miwili na bado ina rangi ya asali. Hapa mmepigwa."

Neno hilo moja lilitosha. Kufika jioni kila mmoja wetu alikuwa amelisikia, na kila aliyelipokea alilipeleka kwa mwingine likiwa limenenepa. Jumamosi kamati ilikaa na mzee akaitwa. Alisema, "Mama zangu, dizeli ndivyo ilivyo. Oili yake haikai na rangi yake." Hatukumsikiliza. Risiti tuliiona ya kughushi kwa sababu mhuri wake ulikuwa umefifia. Mmoja wetu alimwuliza waziwazi oili mpya ameiuza wapi. Mzee hakujibu. Aliweka funguo za gari juu ya meza, akachukua kofia yake, akaenda zake kwa miguu.

Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu ya kijiji kimoja cha mbali, nasi hatukuwa na dereva. Baadaye tuliambiwa kwamba akina mama walikaa chini ya mwembe tangu saa mbili asubuhi, watoto mgongoni na kadi mkononi, wakitazama barabara. Jua lilipogeuka wakarudi makwao, wengine mwendo wa saa mbili.

Tukaamua kuweka oili sisi wenyewe. Mama mhazini alinunua madumu ambayo vifuniko vyake havijawahi kufunguliwa. Alisimama gereji mwanzo hadi mwisho, akamtazama fundi akimwaga oili iliyokuwamo, akibadilisha filta, akimimina oili mpya lita saba. Siku ya nne, baada ya gari kutembea kama kilometa 200 hivi, tulichomoa kijiti mbele ya mama mhazini. Nyeusi ti! Mama mhazini alikitazama kijiti, akatutazama sisi, akanyamaza.

Basi tukarudi kwa fundi, safari hii si kwa kulalamika bali kwa kuuliza. Yanayofuata ni yale aliyotufundisha, pamoja na yale tuliyojisomea baadaye.

DIZELI HAIUNGUI KAMA PETROLI

Katika injini nyingi za petroli, mafuta huchanganywa kwanza na hewa hata yakawa kama mvuke mmoja, ndipo cheche ya plagi inapoyawasha. Kwa kuwa mchanganyiko umeshakolea, huungua karibu wote, na masizi yanayobaki ni machache.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huvuta hewa peke yake, kisha pistoni huipanda na kuibana mpaka inabaki na nafasi ndogo sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi na sita hadi moja ya ishirini ya ile ya mwanzo. Mkipata kujaza upepo baiskeli mtakumbuka jinsi pampu inavyopata moto mkononi. Hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya dizeli hewa hiyo hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hupuliza dizeli kama manyunyu, nayo huwaka yenyewe bila cheche. Njia hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilionyesha kazi nzuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, na jina lake ndilo tunalolitaja mpaka leo kwenye kituo cha mafuta.

Sasa, manyunyu hayo hayapati nafasi ya kuchanganyika vizuri na hewa. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni huteremka mara moja kwa muda usiofika sehemu ya hamsini ya sekunde moja. Penye hewa ya kutosha mafuta huungua safi. Penye mafuta mengi na hewa kidogo hayamaliziki, na kinachobaki ni masizi.

Jambo hili hata bibi zetu walilijua. Ukivuta utambi wa kibatari juu mno, mafuta yanazidi hewa, mwali unakuwa mwekundu, moshi mweusi unapanda na dari inapata masizi. Ukiushusha, moshi unakoma. Ndani ya silinda ya dizeli kuna sehemu ndogondogo zinazoungua kama kibatari kilichovutwa utambi, hata kama injini ni nzima kabisa.

MASIZI YANAFIKAJE KWENYE OILI?

Masizi mengi hutoka nje kwa ekzosi. Lakini ukuta wa silinda hupakwa oili wakati wote, utando mwembamba sana, ili pistoni isikwaruze chuma. Masizi hunasa kwenye utando huo kama vumbi linavyonasa kwenye mkono uliopakwa mafuta. Pistoni ikishuka, ringi zake huukwangua utando pamoja na masizi yake na kuuteremsha kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Tena ringi hazizibi kwa ukamilifu. Kila mlipuko unapotokea, moshi kidogo hupenya pembeni mwake na kwenda chini.

Jambo hilo hurudiwa maelfu ya mara katika safari ya saa moja. Ndiyo maana hatuhitaji kusubiri mwezi kuona rangi ikibadilika. Siku chache za kazi zinatosha. Na msidhani kwamba magari mapya ya dizeli hayamo. Mengi yake yametengenezwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza sumu fulani inayotoka nje, na kurudishwa huko huongeza masizi ndani ya oili.

OILI NZURI NDIYO INAYOCHAFUKA

Hapa ndipo sisi akina mama tulipoona haya, kwa kuwa jambo lenyewe tunalifanya kila wiki na hatukulitambua.

Ukiloweka shati la shule la mtoto ndani ya beseni lenye maji na sabuni, baada ya muda maji yanakuwaje? Yanakuwa meusi. Je, unailaumu sabuni? La, unafurahi, kwa sababu uchafu umetoka kwenye shati na sasa umo majini. Yale maji yangebaki meupe ndiyo yangekutia wasiwasi, maana uchafu ungekuwa bado umo shatini.

Oili ya injini nayo si mafuta matupu. Watengenezaji huitia dawa za namna mbalimbali. Mojawapo husafisha pistoni na ringi, uchafu usigande juu yake. Nyingine hukizunguka kila kipande cha masizi na kukizuia kisishikamane na mwenzake, ili masizi yaelee ndani ya oili kama punje ndogo zisizoonekana kwa macho. Oili za dizeli hutiwa dawa hizi kwa wingi kwa kuwa kazi yake ni kubwa. Kwa hiyo oili ya dizeli inayokuwa mweusi mapema inafanya kazi ile ile ya sabuni ndani ya beseni. Imeyabeba masizi. Isingeyabeba, yangeganda kwenye ringi, yangeziba njia nyembamba za oili, na injini ingekufa huku kijiti kikionyesha rangi ya asali.

Tulimwuliza fundi swali moja zaidi. Tumekubali kwamba masizi yapo, lakini mbona ndani ya siku tatu au nne tu? Alitujibu kwa vitendo. Alichukua kikombe cha oili mpya, akakichotea kijiko kimoja cha oili iliyotumika, akakoroga. Rangi ya asali ikatoweka papo hapo. Kisha akatueleza kwamba hata ukiimwaga oili ya zamani vizuri namna gani, nyingine hubaki imeng'ang'ania kwenye kuta, kwenye mifereji na kwenye pampu. Oili mpya ikiingia tu, dawa zake huanza kuyakusanya masizi yaliyobaki. Katika injini ya zamani kama yetu, iliyokwisha kutembea zaidi ya kilometa laki tatu, kazi hiyo huanza siku ile ile ya kwanza.

Yule kijana hakutudanganya kuhusu gari lake. Ni la petroli, na oili yake kweli hukaa na rangi yake kwa muda mrefu zaidi. Kosa lilikuwa kupima dizeli kwa kipimo cha petroli.

JE, TUIACHE TU KWA KUWA NI NYEUSI TANGU MWANZO?

Hapana! Tusitoke kosa moja tukaingia jingine. Maji ya sabuni nayo hufika mahali yakashindwa kubeba uchafu zaidi, na ukiendelea kufulia humo nguo inazidi kuchafuka. Oili ikijaa masizi kupita kiasi huwa nzito, hupita kwa shida kwenye filta, na masizi huanza kushikamana na kusaga vyuma. Vilevile kuungua kwa dizeli huleta asidi, hasa kutokana na kiberiti kilichomo ndani ya mafuta. Nchi za Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kufuata kipimo kipya cha kiberiti kisichozidi sehemu 50 katika milioni, nayo ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo asidi haikwisha kabisa, na dawa ya kuipooza iliyomo ndani ya oili hupungua siku hadi siku.

Basi oili ya dizeli hubadilishwa kwa kufuata kilometa na muda, wala si kwa kutazama rangi. Soma kitabu cha gari lako. Magari mengi ya zamani ya dizeli hubadilishiwa kila kilometa 5,000, na yanayofanya kazi kwenye vumbi jingi, mizigo mizito au safari fupifupi huhitaji mapema kuliko kitabu kinavyosema. Filta ibadilishwe pamoja na oili. Kuweka oili mpya na kuacha filta ya zamani ni kumwogesha mtoto na kumvalisha nguo ile ile aliyoivua.

Angalia pia maandishi kwenye dumu. Katika alama za ubora zinazoanza na maneno API, herufi S ni ya injini za petroli, na herufi C ni ya dizeli. Dumu lenye zote mbili linafaa kwa zote mbili, ilimradi daraja lake ni lile linalotajwa na kitabu cha gari lako.

MAMBO YA KUANGALIA KWENYE KIJITI

Mama yeyote anaweza kupima oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika kumi oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena. Sasa tazama haya:

1. Kiasi. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuondoka. Magari mengi huuawa na upungufu wa oili kuliko weusi wa oili.

2. Rangi ya chai ya maziwa. Hii ndiyo rangi ya kuogopa. Maana yake ni kwamba maji yameingia ndani ya oili, pengine kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiwashe gari, mwite fundi.

3. Kiasi kuongezeka chenyewe. Oili haizaliani. Ukikuta imepanda na inanuka dizeli, huenda nozeli au pampu inavujisha mafuta. Oili ya namna hiyo imekuwa nyepesi na haiwezi tena kulinda vyuma.

4. Chengachenga. Sugua tone kati ya vidole ukiwa umevaa glovu. Masizi ya kawaida hayasikiki kabisa. Ukisikia kama mchanga, au ukiona vimetameta, kuna chuma kinachosagika.

5. Uzito. Oili nyeusi inayotiririka ni ya kawaida. Iliyo nzito kama lami imepita wakati wake.

Fundi alitufundisha na njia ya karatasi. Dondosha tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, iweke mahali pasipo na upepo kwa saa kadhaa. Weusi ukienea polepole kutoka katikati kwenda nje, dawa bado inayabeba masizi. Weusi ukibaki katikati kama kidonge, na nje yake kuna duara la mafuta matupu, oili imechoka. Njia hii haitoshi peke yake, lakini husaidia.

Mwisho, tazama ekzosi. Moshi mweusi mzito kila mara gari linapovuta ni dalili kwamba masizi yamezidi. Mara nyingi chanzo ni chujio la hewa lililojaa vumbi, nozeli mbovu, au mzigo kupita uwezo wa gari. Kulirekebisha hilo kutaisaidia oili yako kuliko kuibadilisha kila wiki.

OILI CHAFU NA AFYA YA NYUMBANI

Sisi ni wauguzi, hatuwezi kuondoka gereji bila kusema neno hili. Siku ile tulipomwaga lita saba za oili ambayo kumbe ilikuwa njema, mama mmoja aliomba apewe akapake nguzo za banda, na nyingine ampake mtoto kichwani kwa ajili ya mapunye. Tulimkataza.

Oili iliyotumika ndani ya injini ina masizi, chembe za vyuma na mabaki ya mafuta yaliyoungua. Panya wa maabara waliopakwa oili ya namna hiyo mara kwa mara wamepata saratani ya ngozi. Kugusa mara moja na kunawa si jambo la kutisha, lakini kushinda nayo mwilini kila siku ni hatari. Kwa hiyo:

Usimpake mtu oili chafu juu ya mapunye, kidonda wala mahali palipoungua. Mapunye yana dawa zahanati.

Mume au kijana wako akiwa fundi, mtafutie glovu, na nguo zake za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, si kwa petroli wala dizeli.

Usihifadhi oili, dizeli wala mafuta ya taa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa, usimtapishe! Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu na kuleta shida kubwa kuliko ile ya tumboni. Mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.

Usiimwage mtaroni, shambani wala karibu na kisima. Irudishe gereji inakokusanywa.

Na usiliache gari likinguruma ndani ya banda lililofungwa au chini ya dirisha wanapolala watoto. Mwaka 2012 tawi la Shirika la Afya Duniani linaloshughulikia utafiti wa saratani lilithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Yale masizi yanayoitia oili weusi ni ndugu wa yale tunayoyavuta.

TULIVYOMRUDIA MZEE

Mtatuuliza, na yule mzee je?

Tulikwenda nyumbani kwake watu watano, mama mhazini akiwa mbele. Tulibisha hodi, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Mke wake alitukaribisha, akatuletea chai. Kwa muda hakuna aliyejua aanzeje. Kisha mama mhazini alisema, "Baba, ile oili tumeiweka wenyewe, nami nilikuwapo. Siku ya nne imekuwa nyeusi. Tulikukosea. Tunaomba utusamehe."

Mzee alikoroga chai yake. Aliuliza tu kama fundi aliikaza filta vizuri, maana ile gari ina tabia ya kuvuja pale. Halafu akasema, "Nitarudi. Lakini liwepo daftari. Kila kitu kiandikwe, ili siku nyingine mkitaka kuniuliza mimi, muulize daftari kwanza."

Tukaona kwamba tulichokosa tangu mwanzo ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaongeza kwamba hata jina jema la mtu laweza kupotea hivyo hivyo. Sasa daftari limo ndani ya gari, limefungwa kwa kamba. Lina tarehe, kilometa zinazosomeka siku hiyo, aina ya oili, idadi ya lita, filta, bei, na saini mbili: ya dereva na ya mmoja wetu aliyekuwapo gereji. Risiti hubandikwa pale pale. Anayetaka kujua kama oili imebadilishwa hasomi tena rangi, anasoma daftari.

Mambo mawili mengine tuliyafanya. Gharama ya lita saba tulizozimwaga bure hatukuitoa kwenye mfuko wa kikundi; tulichanga sisi wenyewe tuliomhukumu mzee. Na kwa kuwa tulimshtaki mbele ya kamati, tulimsafisha mbele ya kamati ile ile, maneno yakaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Kumchafua mtu hadharani na kumwomba radhi chumbani si haki.

Mwezi uliofuata gari lilikwenda tena kule kijijini. Akina mama walikuwapo chini ya mwembe, si wote, maana wengine walikuwa wamekata tamaa. Mmoja alituambia bila kuficha, "Safari ile mlituacha na jua." Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulianza na mtoto wake.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, kabla hujamwita dereva, fundi au mumeo mwizi kwa sababu ya kijiti cheusi, uliza kwanza: ni gari la dizeli au la petroli? Limetembea kilometa ngapi tangu oili iwekwe? Kiasi kikoje, harufu ikoje? Daftari linasemaje? Ukishayajibu hayo, mara nyingi utakuta hakuna wizi, ila kuna oili inayofanya kazi yake.

Tunawatakia safari njema na amani nyumbani. Tukutane mwezi ujao.